Jino la Yusufu na Ng'ombe wa Kuimbiwa

Niliondoka nyumbani Murukulazo kwa sababu ya jino, na jino lenyewe halikuwa langu. Mnaonijua mnajua sina meno ya kupoteza. Lilikuwa la rafiki yangu Yusufu wa Nyabusozi, kule Biharamulo, na ni mimi niliyeling'oa ingawa sikumgusa.

Mwaka jana Yusufu alikuja kwangu na fahali kwenye gari. Tukabadilishana: yeye aniachie fahali, mimi nimpe ng'ombe wangu Bihogo na ndama wake. Bihogo ana maziwa, hilo ni kweli. Ila hakubali kukamuliwa mpaka mke wangu Anastazia asimame kichwani pake amwimbie nyimbo za kanisani. Akinyamaza, teke. Siku ile mimi nilikamua, Anastazia akaimba, na Yusufu amesimama pale pale zizini anatazama.

"Mke wako ana furaha leo," akasema.

"Ndivyo alivyo," nikajibu.

Nilijiambia sikusema uongo. Anastazia hakunisemesha mpaka kesho yake. Baada ya wiki chache mchuuzi mmoja wa ng'ombe akaniletea habari kwamba Bihogo alimpiga Yusufu teke la mdomo, jino la mbele likaenda. Nilicheka, kisha chakula kikanishinda.

Sasa mwaka huu wanajumuiya wakanichagua mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Mimi mtu wa darasa la nne, ninayesoma somo kwa kidole. Nikaona nikaungame kwanza. Padre akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, Mungu umemwambia. Na mwenye jino?"

"Yuko mbali, padre."

"Magari yapo."

Nilichoogopa ni fahali. Akitaka arudishiwe fahali wake, nitamrudishia, na kijiji kizima kilikwisha kumtegemea kwa ng'ombe wao. Na rafiki akitoka moyoni, hakuna gulio la kununua mwingine.

Jumatatu asubuhi nikavaa koti langu la Pasaka, nikapanda pikipiki.

"Shikamoo babu," akasema dereva. "Unakwenda harusini?"

"Marahaba. Nakwenda kukiri kosa."

"Basi nisikimbize."

Kweli hakukimbiza. Nilipata nafasi ya kutazama migomba na mahindi ya watu, na kuona nani kapalilia na nani analala. Hilo si la safari hii, lakini wenyewe wanajijua.

Benako nikapanda gari kubwa zaidi. Kutoka pale mpaka Lusahunga nilikuwa natengeneza maneno. Nilitengeneza ya namna tatu. Katika namna ya kwanza kosa lilikuwa la ng'ombe. Katika ya pili lilikuwa la Yusufu kwa kutouliza. Katika ya tatu lilikuwa langu, na hiyo ilikuwa fupi kuliko zote. Lusahunga nikala ndizi za kuchoma mbili, nikaacha zile namna mbili za kwanza pale pale na maganda.

Saa kumi jioni nilifika Nyabusozi. Yusufu alinipokea kwa mikono miwili, akacheka, na lile pengo likanitazama. Mke wake, Mama Hadija, akaniamkia, akaweka chai. Sikuigusa.

"Yusufu," nikasema, "Bihogo hakamuliwi bila kuimbiwa. Nilijua. Nilikuficha. Jino lako ni mimi."

Akapitisha ulimi kwenye lile pengo. Nikasikia kuku wanaparura nje.

"Mama Hadija," akaita, "njoo umsikie mtu aliyening'oa jino."

Mama Hadija akaja, akasikia, akashika kiuno. "Tumemwita daktari wa mifugo. Tumemfunga ng'ombe miguu. Mwenzako huyu alisema ng'ombe ana jini. Tukachoka, tukamwachia ndama maziwa yote. Kumbe wimbo?"

"Wimbo tu."

"Basi nenda ukamwimbie, tuone."

Tukaenda zizini na majirani nyuma yetu, maana Mama Hadija alikuwa hasemi kwa sauti ndogo. Nikachuchumaa, nikashika chuchu, nikaanza kuimba. Mimi hata kanisani huwa wananiomba nishike kapu la sadaka. Bihogo aligeuza shingo akanitazama kama mtu aliyekumbuka jambo. Teke lile lilirusha ndoo, na mimi nikakaa kwenye mavi na koti langu la Pasaka.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Shida ni kwamba huna jino la kutoa," akasema Yusufu, akaninyanyua. "Lakini toba yako nimeipokea."

"Anataka sauti ya mwanamke," nikasema nikijipangusa.

Mama Hadija akasogea kichwani, akaanza kaswida taratibu. Bihogo akashusha masikio. Yusufu akakamua, ndoo ikaanza kulia, kisha ikanyamaza kwa povu. Bihogo hakuuliza wimbo ni wa msikiti au wa kanisa.

Tulipokuwa tunakunywa yale maziwa nikamwuliza habari ya fahali wake.

"Baki naye," akasema. "Mzee mwenzangu, ungeniambia siku ile ningemchukua vile vile. Mke ninaye, na sauti anayo."

Neno hilo lilinipata kuliko teke.

Jumatano nikarudi na karanga nilizopewa na Mama Hadija nimpelekee Anastazia. Jumuiya ilipokutana niliwaeleza yote, na mavi pia. Wakacheka, wakasema mwenyekiti abaki huyo huyo. Nami nikawaambia nilichokiona njiani: miaka yote nimesali asubuhi, nikafika zizini, nikamwacha Mungu nje ya lango ashike fimbo yangu. Sasa nimemwambia aingie, achuchumae na mimi kwenye ndoo.

Juzi mtu wa Kanazi alikuja kutaka mbuzi wangu mweupe. Akamzunguka, akampapasa, akampenda. Anastazia alikuwa mlangoni, ananitazama.

"Huyu anakula nguo," nikasema.

Yule mtu akashukuru, akaenda kwa jirani. Mbuzi ninaye bado. Jana amekula mkono mmoja wa lile koti la Pasaka, na Anastazia anaimba tangu asubuhi.