Mji wa Makuti Kwenye Kinga ya Moto

Harufu ya nyasi zinazoungua hunirudisha Ubungo ya enzi za Mwingereza, kiangazi kile nilipokuwa binti wa miaka tisa mwenye kichwa kilichojaa ndoto. Kila mwaka, kabla ya kuchoma mashamba, watu wa kwetu walitoka na majembe wakakwangua ukanda mpana baina ya pori na nyumba zetu za makuti, hadi ukabaki udongo mtupu. Tuliuita kinga ya moto. Siku ya kuchoma, hata ukuti mmoja haukuruhusiwa kulala pale. Lakini siku nyingine hapakuwa na mahali safi kama hapo, na jirani yetu Bi Tatu, mjane aliyekuwa akisuka makuti ya kuezeka upya nyumba yake, aliyaanika papo hapo. Mie niliyasimamisha mawili mawili, yakiegemeana, nikajenga mji kutoka ukingo hadi ukingo.

"Wee Zena, mji wako una soko?"

"Una soko na posta, bibi."

"Na mie kizee nakaa wapi?"

"Mlango wa kwanza baada ya posta, usichoke kutembea."

Alicheka hadi akakohoa.

Siku ya kuchoma ilimkuta na msiba wa ndugu yake. Akaniachia kazi: "Yaondoe yote, mjukuu wangu." Niliyaondoa, ila roho haikunipa kuubomoa mtaa wa posta. Mtaa mmoja tu, nikajiambia. Adhuhuri upepo uligeuka. Moto ulifika ukingoni, ukasita, kisha ukaingia mtaani kwangu, kijumba hadi kijumba, mpaka paa la Bi Tatu. Ndoo za kisimani zilikuta kuta tu, nyeusi, zikifuka moshi.

Bi Tatu aliporudi kutoka msibani, baba yangu alikuwa akifoka, "Nani kaacha makuti kwenye kinga?" Nilifungua mdomo. Bi Tatu akanishika bega, akalibana.

"Mie, mwanangu. Uzee huu."

Kesho yake alihamia kwa jamaa zake Boko, kabeba sufuria moja kichwani. Nilikusudia kumfuata nikamwombe radhi. Masika hayajaisha, tukaletewa habari kwamba amefariki.

Sasa mji umefika kweli. Nyumba zimebanana, baina ya ukuta na ukuta hata mkono haupiti, na wanangu hunicheka ninavyofagia uwanja mpaka udongo unapauka. "Mama, moto utoke wapi hapa?" Naendelea kufagia. Soko lipo, posta ipo. Kila nikipita huutazama mlango wa kwanza baada ya posta. Wanauza matairi.