Mayai Kwenye Lundo la Kakao

Lundo la kakao halihitaji kiberiti. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, maana kwetu Bujonde, wilayani Kyela, bibi alipasha mikono yake joto humo. Vidole vilimuuma kila mvua ilipokaza, na Kyela mvua haina mapumziko. Alifunua majani ya mgomba, akazamisha mikono hadi viwiko katika kakao iliyovundikwa, akafumba macho. Mikono ilitoka ikinuka siki na pombe. Harufu hiyo ikinipata popote leo, nasimama.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini, wakikata punje kwa kisu kutazama rangi ya ndani. Zambarau walikataa, kahawia walichukua. Watu wazima walihangaikia rangi. Mimi nilihangaikia ule moto usio na moshi.

Nilikuwa darasa la tano mdondo ulipopita ukamaliza kuku wa bibi, akabaki tetea mmoja aliyeatamia mayai tisa. Siku mbili tatu kabla ya kuangua, kicheche akamnyakua alfajiri. Bibi aliyatazama mayai. "Basi, ufugaji wangu umeishia hapa," akasema, akaenda shambani. Sikuweza kuvumilia sauti ile.

Mwalimu alitufundisha kwamba yai linahitaji joto tu. Mimi, mwerevu wa darasa, nikayafukia yote lundoni: saba katikati penye joto kali, mawili yaliyokosa nafasi nikayabana pembeni. Nikakaa kusubiri sifa.

Adhuhuri bibi alirudi, akaingiza mikono kama kawaida. Akatoa yai la moto, akaliweka sikioni asikie kama kifaranga kinalia ndani. Kimya.

"Nani kapika mayai yangu?"

Nililia hapo hapo. "Mwalimu alisema joto, bibi."

"Moto wa kakao unaua mbegu, mjukuu wangu. Umeona wapi mtu kapanda punje iliyotoka humu?"

Sababu niliisoma miaka mingi baadaye. Vijidudu hula utelezi mtamu wa punje, na kazi yao hutoa joto na siki mpaka kiini cha mbegu kinakufa. Kisipokufa, ladha ya chokoleti haiji. Bibi hakuwahi kuonja chokoleti, lakini nusu ya somo alikuwa nayo.

Yale saba yalikwisha. Mawili ya pembeni yalimlilia sikioni. Aliyafunga tumboni kwa kitenge, akavaa sweta la mtumba juu yake, akakaa barazani siku mbili akinituma maji, kuni, kila kitu. Majirani walimtania kwamba ana mimba ya uzeeni, naye akawajibu ni mapacha.

Siku ya tatu asubuhi aliniita, akauweka mkono wangu juu ya kitenge. Kitu kiligonga.

"Ndaga," bibi alikishukuru kilichokuwa ndani, kwa Kinyakyusa, kama anavyoshukuriwa mgeni.

Yai la kuku hutaka joto karibu sawa na la mwili wa binadamu. Nilipokutana na sentensi hiyo kitabuni, bibi alikuwa ameshazikwa, na nilimkumbuka mpaka nikafunga kitabu. Siku ile nilikimbilia lundoni kutafuta joto, kumbe kila mvua ilipokaza nilikuwa nikilala nimeegemea tumbo lile lile la bibi.