Mabati ya Mkopo na Baiskeli ya Mtani

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kungoja korosho ziuzwe ndipo ajenge. Alikwenda dukani pale Mtama, akakopa mabati na saruji, akaongeza chumba cha kupangisha ubavuni mwa nyumba. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kodi italipa deni, na yeye atabaki na chumba. Mwenye duka naye alimwambia wazi kwamba asipolipwa kabla ya mvua, anakuja kung'oa mabati yake.

Mpangaji alipatikana upesi, bwana shamba kijana, mtanashati, mwenye baiskeli mpya. Shangazi alikosea jambo moja tu: hakumuuliza kabila. Kumbe Mngoni, na sisi Wamwera. Mtani!

"Mtani, nimefuata kodi yangu," shangazi alisema mwisho wa mwezi.

"Lione bepari hili! Chumba kimoja tu, umeshaanza kunyonya wananchi? Babu zangu waliwateka nyie. Toka lini mateka akadai kodi?"

Tulicheka wote, shangazi akiwamo. Nani amkasirikie mtani? Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo, na wa tatu. Lakini mawingu yalipoanza kukusanyika, nilimwona shangazi akiyatazama mabati yale, na roho iliniuma.

Siku fundi wa mwenye duka alipofika na ngazi, bwana shamba alikuwa amekwenda Milola kwa gari la ofisi. Shangazi aliingia chumbani mwa mpangaji wake, akatoka na baiskeli.

"Mtani hashtaki," alisema, akaisukuma hadi dukani kuiweka rehani. Fundi alirudi na ngazi yake.

Bwana shamba aliporudi alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, kisha akaangua kicheko. Mtani akichukua, kachukua. Alilipa kodi yote ya nyuma pale pale dukani ili akomboe baiskeli yake, na mvua ikanyesha juu ya mabati yetu.

Baadaye alihamishwa. Miaka mingi ikapita, shangazi akafariki, na msibani akatokea mzee mwenye mvi ambaye hata pole hakutoa. Alijilaza mlangoni, mbele ya jeneza, kama ilivyo ada ya watani msibani.

"Huyu mateka wangu hatoki! Nirudishieni kodi yangu yote!"

Tulicheka huku tunalia. Tulimchangia shilingi, akazihesabu kwa madaha, akainuka, akawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza. Nilikuwa nyuma yake. Bega lile lilikuwa linatetemeka.