Jezi ya Mtu wa Winchi

Timu yetu ilizaliwa chini ya ardhi. Zamani, mgodi ulipokuwa bado mchanga, paa la njia ya kwanza liliporomoka likawafungia wachimbaji wa zamu ya asubuhi nyuma ya kifusi. Walikaa gizani wakisubiri kufukuliwa, na kwa kuwa binadamu hawezi kuzungumzia kifo mfululizo, wakaanza kuzungumzia mpira. Nani angekuwa kipa, nani beki, nani hafai hata kuokota mipira nje ya uwanja. Walipotolewa, wote wazima, walikuwa wameshapanga kikosi na kukosana juu ya unahodha.

Wakasawazisha mchanga wa kijivu uliomwagwa na kinu cha kusagia mawe, wakasimamisha magoli kwa magogo ya kuegemezea mapaa ya mgodi, wakaweka sharti moja tu. Hakuna atakayevaa jezi ya Shimoni kabla ya kushuka chini, kufika pale walipofungiwa wale wa kwanza, na kuugusa mwamba kwa kiganja. Makocha wamekuja wakaondoka, sharti limebaki. Kuna mfungaji mmoja aliyetufikia na miwani ya jua na maringo mengi. Ndani ya kizimba cha chuma kinachoshusha watu alilia kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Lakini alishuka, akagusa, na msimu ule alifunga mabao mpaka tukamsamehe ile miwani.

Mtu ninayemsimulia hapa hakuwa na jezi. Alikuwa mwendesha winchi, yaani ndiye aliyekaa juu akawashusha na kuwapandisha wenzake kwa kamba ya waya. Walimwita Mkono, kwa ulaini wa mkono wake kwenye breki. Wachimbaji walisema ukishushwa na Mkono, chai yako haimwagiki. Chumba chake kilinuka grisi na chuma cha moto. Katikati palikuwa na pipa kubwa linaloviringisha kamba, limechorwa mistari ya rangi nyeupe kuonyesha kizimba kimefika wapi. Mbele ya pipa, kiti kimoja chenye mto wa matambara. Ukutani, benchi la wageni. Na dirisha lililotazama uwanja wa mpira.

Jioni alivua ovaroli akafanya mazoezi na Shimoni, amevaa fulana iliyotoboka kwapani. Mungu alimpa mkono, akamwongezea na guu la kushoto. Krosi zake zilikuja taratibu, zikashuka pale pale kichwa kilipokuwa kinazingoja. Siku ya mechi, hata hivyo, alisimama kando ya mstari kama mkwe asiyejua akaribie au asikaribie. Hakuwa ameshuka shimoni hata siku moja, na hakuwa na nia ya kushuka.

Hakuficha sababu. "Ninyi mnaiona kamba," aliwaambia. "Mimi namtazama anayeishika."

"Si wewe ndiye unayeishika?"

"Ndiyo. Sasa nikiwa ndani ya kizimba, nani ataishika?"

Watu wakacheka, wakasema kinyozi hajinyoi. Lakini jibu la swali lake lilikuwapo, tena lilikaa chumba hicho hicho. Mwendesha winchi wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na cheti alikuwa nacho. Mkono alimwachia mawe, magogo, mapipa ya mafuta. Watu hakumwachia. Hata akiwa na homa alikuja kajifunga blanketi kuwashusha wa zamu, na mechi yoyote aliitazama nusu, kwani kipindi cha pili lazima akawapandishe watu wa pampu, wale wanaovuta maji mgodini. Shemeji alikaa kwenye benchi la wageni akimtazama, mikono mapajani, miaka ikipita.

Ndipo ukaja msimu ambao Shimoni ilibakiza mechi moja, na ushindi ungeipandisha daraja kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Winga wa kushoto aliteguka kifundo cha mguu mazoezini, kikavimba kama andazi. Nahodha, mpasua miamba mwenye sauti kama baruti yake, akaingia chumba cha winchi kofia mkononi.

"Mkono, Jumamosi unacheza."

"Sijagusa mwamba."

"Tutafumba macho, ndugu yangu. Nani atauliza?"

Mkono aliendelea kupangusa wenzo wa breki kwa kitambaa, ingawa ulikuwa safi. "Wale waliokaa nyuma ya kifusi hakuna aliyewafumbia macho. Nikivaa, nivae kwa haki yake. Nisipovaa, basi."

"Basi shuka!"

Mkono akakikunja kitambaa. Miaka yake ilikuwa imesonga. Miguu ilishaanza kumwambia ukweli, na alijua kwamba jezi hii ikimpita haitarudi kumbishia hodi. Shemeji alikuwa kwenye benchi. Alitazama dirishani kana kwamba uwanja ulikuwa na kitu cha kutazamwa.

Nyumbani mkewe alikuwa amekwisha kupata habari. Alimwekea chakula, akasimama, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu tunamwachia mtoto, tunaondoka mchana kutwa. Humuulizi kitu. Hiyo kamba yako ni bora kuliko mwanao?"

"Mtoto hana uzito wa watu kumi."

"Kwako hana?"

Alikula. Baadaye, akinawa, alisema kwa sauti ndogo, "Hajakosea hata mara moja. Nimemtazama nikitafuta kosa, sijaliona." Mkewe akamjibu kwamba maneno hayo anapelekewa yeye bure, mwenyewe wa kuambiwa anakaa mlango wa tatu kutoka hapo.

Ijumaa asubuhi Mkono aliingia chumba cha winchi amevaa kofia ngumu yenye taa, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kichwani mwake. Shemeji alikuwa kwenye benchi. Mkono akamwonyesha kiti.

"Leo kuna watu."

"Wangapi, shemeji?"

"Zamu nzima. Na mimi."

Alitaka kumwambia mengine: apunguze mapema kwenye mstari wa pili, asikilize pipa linapoguna. Badala yake akakaza mkanda wa kofia. Shemeji akakaa, akausogeza mto wa matambara, akausogeza tena, akashika wenzo.

Ndani ya kizimba walimbana katikati, bega kwa bega. Mpasua miamba akamwambia aache kutazama juu, huko juu hakuna anayemuita. Mwingine akauliza kama atalipiwa nauli. Mkono hakusikia kitu. Sakafu ilipoanza kuondoka chini ya miguu yake, alibana pumzi kama mtu anayeingia maji baridi, na mkono wake wa kulia ukaanza kufanya kazi hewani: ukivuta breki isiyokuwapo, ukilegeza, ukivuta. Wenzake waliuona, wakaacha utani.

Kisha alihisi kizimba kikipunguza mwendo kabla hata mkono wake haujaagiza. Kilipunguza hapo ambapo yeye angepunguza, labda mapema kidogo. Kikatua. Mzee wa pampu, aliyeshika kikombe cha bati, aliinamia chai yake, akamwonyesha: haikumwagika.

Walimpeleka kwenye njia ya kwanza, akaugusa mwamba. Ulikuwa na baridi na unyevu, jiwe kama jiwe lolote. Alikaa ameuegemezea kiganja muda mrefu kuliko sharti lilivyotaka, na hakuna aliyemharakisha.

Jumamosi alivaa jezi iliyombana tumbo. Mji mzima ulipiga kelele "Mkono! Mkono!" kila alipopata mpira, mpaka mashabiki wa wageni wakamzonga refa wakidai penalti. Mabeki vijana walimwacha mbio, na kipindi cha kwanza alipoteza mipira ambayo mazoezini asingeipoteza. Lakini mechi ikiwa sare na jua likianza kulegea, alisogea mpaka ukingoni, akainua kichwa, akapiga krosi moja tu ya aina yake. Nahodha aliifuata hewani, akaipiga kichwa wavuni. Shimoni ikapanda daraja. Msimu uliofuata tulishuka, lakini hayo hayamhusu Mkono.

Walipotaka kumbeba, aliwaponyoka. Siku hiyo watu wa pampu walikuwa wamekubali kungoja chini mpaka mechi iishe, na saa ya kuwapandisha ilikuwa imefika. Alikimbia mpaka chumba cha winchi, jezi imelowa, akamkuta shemeji kitini, wenzo mkononi, pipa likizunguka. Shemeji aliposikia mlango hakugeuka, ila mkono wake ulisita kwenye wenzo.

"Umekuja, shemeji? Nikupishe?"

Mkono alikitazama kiti. Halafu akaenda kwenye benchi la wageni, akajitupa, akanyoosha miguu.

"Pandisha," alisema. "Mimi nimechoka."

Akainama, akaanza kuvua viatu.