Bibi Amebaki na Nyumba Yake

Nyumba bado ni ya bibi, jamani! Bibi yangu ni fundi cherehani, na siku hizi magoti yanamsumbua. Mjomba akasema atamtunza, ila nyumba iandikishwe kwanza kwa jina la mjomba.

Tulipofika kwa wakili, mama wakili akatutoa nje mimi na mjomba, akabaki na bibi peke yake. Mjomba akanuna. "Kwani mimi si mwanawe?"

Mlango ukafunguliwa, bibi anacheka. "Mwanangu, unanipimia jeneza na mimi bado nashona?"

Kumbe wakili alimweleza kuwa akiiandikisha nyumba kwa mjomba, haitakuwa yake tena. Alichosaini ni ruhusa tu ya mjomba kusimamia mambo yake ya hospitali.

Mjomba akacheka mwenyewe. "Haya mama, umenishinda. Kesho nakupeleka kliniki."

Naomba mtumie hii kila mwenye bibi au babu: kabla mzee huyo hajasaini chochote, aongee na wakili peke yake.