Rota Kwenye Debe la Maharage

Nalichukia gari la mume wangu. Nalisema hili mapema ili asitokee msomaji wa kutegemea kwangu maneno matamu kuhusu magari ya kizamani. Wapo wanaoyaandika hayo, na wengi wao hawajawahi kuvunjiwa banda la kuku ili gari lipate pa kulala.

Ni kigari cha milango miwili, mgongo wa mviringo kama kobe, injini nyuma na buti mbele. Alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anaondoka kwenye shamba la kahawa, watoto wetu wakiwa bado wanatambaa. Watoto wale sasa wana watoto wao. Kigari kipo palepale uani kwetu Sakina, chini ya bati jipya, wakati bati la jiko langu la nje linavuja tangu masika ya nyuma huko. Kuku niliwahamishia nyuma ya choo, na hawajawahi kutaga vizuri tena.

Kipenda roho hula nyama mbichi, nami nisingesema neno kama angeila mwenyewe kimyakimya. Lakini wapenzi wa magari haya hawawezi kukaa kimya. Ana wenzake, wazee wastaafu kama yeye, kila mmoja na kigari chake. Kila Jumapili baada ya ibada hukutana pale wanapochoma nyama kando ya barabara ya Nairobi, wakafungua vifuniko vya injini na kuinama kutazama ndani, kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Wanasema hili linapumua vizuri, hili lina kikohozi. Wake zao wakikohoa nyumbani, sidhani kama kuna anayeinama.

Niliwahi kumuuliza anapenda nini humo. Ilikuwa mchana wa mvua, amelala chini ya gari huku nimesimama na sahani yake ya chakula ikipoa. Alijibu bila kutoka.

"Gari kubwa linakubeba, mama. Hili unalivaa."

Aliendelea kuniambia, miguu yake tu ikionekana. Kwamba ndani ya gari dogo unasikia kila kitu, kokoto, mkanda wa injini, hata upepo ukibadilika. Kwamba likigoma unalitengeneza mwenyewe kwa spana moja na kipande cha waya, wakati haya ya siku hizi yakizima unaita fundi mwenye kompyuta. Kwamba akipita Ngarenaro mafundi hutoka chini ya magari ya watu kuja kumsalimia, na hakuna anayetoka chini ya gari kwa ajili ya mtu mwenye Landkruza. Nilimwambia ugali umepoa. Mtu anayesikia vali moja ikigonga ndani ya injini, hajawahi kunisikia nikimwita kutoka jikoni.

Mimi nina maelezo yangu, na hayana upepo wala kokoto. Mume wangu alipostaafu watu waliacha kumuuliza kitu. Watoto wanauliza simu zao, kanisani wameingia wazee wapya. Kigari peke yake ndicho kilichobaki kinamdai kila siku: leo plagi, kesho breki, keshokutwa kimegoma kuwaka. Kinachokudai kila siku kinakufanya ujione unahitajika. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema ng'ombe haelemewi na nunduye.

Halafu ikaja presha ya macho.

Tulikwenda hospitali pamoja na nilisikia kwa masikio yangu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba ugonjwa huu hula pembeni kwanza, mtu akabaki anaona mbele tu kama anayechungulia kwenye bomba, kisha na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone. Na mzee aache kuendesha gari.

Mume wangu alimshukuru, akamuuliza kwao wapi, tukatoka. Pale nje alitoa ufunguo mfukoni akafungua mlango wa dereva.

"Umemsikia daktari?" nilimuuliza.

"Kijana yule. Barabara hii naijua tangu hajazaliwa."

"Barabara unaijua. Watu wanaoivuka je?"

Akaingia, akawasha injini. Nilimwacha, nikaenda kwa miguu mpaka kituo cha daladala, nimekasirika mpaka nikasahau mwavuli wangu kwenye benchi la hospitali. Tangu siku ile nikajiapia jambo moja: mimi sitamdanganya kuhusu macho yake. Sitasema "umeona vizuri leo", wala "labda yatapona". Kwetu nilikolelewa, huku milimani, tulifundishwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kisingemuumbua yeye. Kingemkuta mtu mwingine barabarani, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Niliongea naye kwa upole, nikaongea kwa ukali, nikawapigia watoto simu. Aliendelea kuendesha. Kilichonishangaza ni kwamba kila Jumapili alirudi salama, hana hata mkwaruzo, na wenzake wakimsifu mlangoni. "Mzee leo kona zote kazikata safi!" Nikaanza kujiuliza kama labda daktari amekosea. Mpaka nilipokwenda kuona mwenyewe.

Mmoja wao ana shamba la migomba na kahawa ng'ambo ya mji, kwenye miteremko ya mlima upande wa Wameru, na aliwaalika wenzake chakula pamoja na wake zao. Nilipanda kigari kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali. Tulikuwa wa katikati ya msafara. Mbele yetu kulikuwa na kigari chekundu cha rafiki yake wa karibu, aliyekuwa dereva wa watalii enzi zake, chenye bomba la moshi linalounguruma kuliko ukubwa wake.

Tulipoacha lami na kuanza kupanda, kile chekundu kikapiga honi moja. Mume wangu akapunguza mwendo, tukapita juu ya tuta. Honi mbili, akaanza kukunja usukani, na kona ikafuata. Honi ndefu, akasimama. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Mume wangu hakuwa anaiona barabara. Alikuwa anaisikia.

Kabla sijapata la kusema, mama mmoja alitokea kwenye kinjia cha migombani, kushoto kwetu, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Kile chekundu kilikuwa kimeshapita, kwa hiyo honi haikupigwa. Mama yule alijua ameonwa. Mtu mzima, mchana kweupe, anaanza kuvuka mbele ya gari linalokwenda polepole, nani angefikiri hajaonwa? Nilipiga kelele nikavuta breki ya mkono kwa mikono yangu miwili. Gari lilikwenda mshazari, likazima. Mzigo ulianguka juu ya kifuniko cha mbele na majani yakafunika kioo chote.

Mama yule alikuwa mzima. Alisimama mbele yetu akitutukana kwa Kimeru, na alikuwa na haki ya kila neno. Mume wangu alishika usukani, akageuza uso huku na huku.

"Kuna nini?" akauliza.

Nilishuka nikamsaidia yule mama kukusanya majani, nikimwomba msamaha mpaka akachoka kunisikia. Tulimalizia njia iliyobaki mkono wangu ukiwa juu ya breki. Kule shambani nyama ilikuwa tayari. Nilikataa kukaa. Nilimfuata mwenye gari jekundu palipokuwa na meko.

"Tangu lini mnampigia honi?"

Alitazama chini. "Shemeji, tunamsindikiza tu. Ukimnyang'anya ile gari umemmaliza."

"Na yule mama angekufa?"

"Mungu ni mwema," akasema mwingine, ambaye hakuulizwa. Nyuma yake nikasikia sauti ikimwambia mume wangu kwamba breki ile ilikuwa ya kitaalamu kabisa.

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Pale walikuwapo wazee wa kutosha kuanzisha kanisa, na neno lilikuwa linaharibika mbele yao huku wakigeuza nyama.

Sikulala na hasira ile bure. Kila tulipokuwa tukisafiri, mume wangu alikuwa na mtindo wa kuwazuia wezi. Alikuwa akifungua injini na kuchomoa rota, kidude kidogo kinachozunguka kusambaza umeme kwenye plagi. Bila hicho gari haliwaki hata ulisukume mpaka Namanga. Alinionyesha mwenyewe, kwa majivuno, na alizoea kwenda nacho harusini kwenye mfuko wa koti. Kwa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha. Usiku ule, alipokuwa ameoga anajiandaa kulala, nilikwenda uani nikakichomoa, nikakizika kwenye debe la maharage stoo.

Jumamosi akataka kulipasha moto. Likakataa. Akafungua nyuma, vidole vikatambaa mle ndani kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepekua Biblia yake. Havikuchelewa kujua.

"Nani kaingia humu?"

"Mimi," nikasema. Nilikuwa nimesimama mlangoni namsubiri.

"Rota iko wapi?"

"Ninayo. Na sikupi."

Aliniita mwizi. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunitukana, na siku ile aliniita mwizi mara ya kwanza, ya pili, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha yakaja mabaya zaidi. Kila asubuhi alikwenda kukaa ndani ya gari, mlango umefungwa, mikono kwenye usukani, akarudi wakati wa chakula. Alikula bila kuniangalia. Nilikuwa namchukia hata yeye wakati ule, sitaficha. Nilimchukia kwa sababu alinifanya mimi niwe mtu mbaya kwa jambo ambalo wote walijua.

Wenzake wakaja kama ujumbe wa posa, na mashati yao ya Jumapili. Mwenye gari jekundu alikuwa na rota nyingine mkononi, ya akiba. Nilivuta kigoda nikakaa nyuma ya gari, mgongo wangu umeegemea kifuniko cha injini.

"Shemeji, tupishe kidogo," akasema.

"Nitawapisha. Lakini kwanza mmoja wenu amwambie kwamba haoni. Yumo humo ndani ya gari, anawasikia. Mwambieni."

Wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Basi nijibuni hili. Wajukuu zenu wanatoka shule, wanataka kuvuka barabara, na linalokuja ni gari hili. Nani kati yenu atamwambia mjukuu wake, vuka?"

Kuku wangu peke yao ndio waliokuwa wanasema kitu kule nyuma ya choo. Nilisubiri, nikaona hakuna hata mmoja mwenye ujasiri huo, nikageuza kichwa nikasema mwenyewe, kwa sauti ya kufika ndani.

"Baba, huoni."

Nikasikia kiti cha dereva kikilia.

"Najua," akasema kutoka ndani.

Mwenye gari jekundu alirudisha rota yake mfukoni. Alikuwa analia, mzee mzima, akijifuta kwa kiganja, na sikumhurumia. Waliondoka bila kunywa chai, nami sikuwa nimeipika.

Kigari kilikaa. Sikusherehekea, ila nililala usingizi. Nilitegemea sasa ataruhusu kiuzwe, na nilishaanza kupima kwa macho pale banda la kuku litakaporudi. Badala yake, siku moja baada ya chai, alisimama mbele yangu na ufunguo kwenye kiganja.

"Nenda kachukue kile kidude chako kwenye maharage," akasema. "Endesha wewe."

"Ulijua kipo kwenye maharage?"

"Debe lilisikika usiku ule. Uliponiambia unayo, nikaelewa."

Angeweza kukichukua wakati wowote. Nikaenda stoo.

Nimezoea gari la otomatiki la binti yetu. Hiki kilinizimikia getini, kikanizimikia tena barabarani mbele ya bodaboda wanaocheka. Kanyagio ni ngumu, kioo cha mbele kidogo kama cha dirisha la choo, na harufu ya petroli inashika kwenye kitenge. Yeye alikaa kushoto, kichwa kimeinama upande, akinisemea gia kwa kusikia. "Mbili. Bado. Sasa, tatu." Kila aliposema sasa, gia iliingia laini. Kokoto nilizisikia, kweli, na mkanda, na mafundi wawili wa pale Sakina waliinuka wakapunga mikono. Hilo halibadilishi kitu. Bado nalichukia.

Tulielekea njia ya Ngaramtoni, mpaka nyumba zilipoanza kupungua na mashamba ya mahindi kuonekana. Akaniomba niende polepole. Akageuza uso upande wangu, uliko mlima, akatazama hapo kwa muda.

"Mlima umefunguka?" akauliza.

Niliangalia. Hakukuwa na mlima. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, zito, hata vilima vya chini havikuonekana.

"Umefunguka," nikamwambia. "Wote, mpaka kileleni."

Hakugeuza uso.

"Naona," akasema.