Mchana Nilipokula kwa Mama Pamela

Kuna watu niliowaeleza jambo hili wakanitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Wewe usinitazame hivyo. Mimi si mtu wa kuona mambo. Nina duka la mbegu na mbolea hapa Migori, naenda kanisani, na siku hiyo sikuwa mgonjwa wala sikuwa na njaa. Tena lilinipata mchana, watu wakipita barabarani.

Nilikuwa natoka Nairobi kumwona binti yangu Achieng', aliyekuwa amejifungua. Yeye ndiye aliyenikatia tiketi ya ndege, zile ndogo zinazotua kwanza Homa Bay halafu zinaendelea Migori. Tulipotua Homa Bay, rubani akatuambia Migori kumenyesha vibaya, uwanja umejaa maji, tungoje mpaka alasiri. Wenzangu wakalalamika, wengine wakaenda kutafuta gari. Mimi nilifurahi, niamini. Homa Bay ndiko nilikokulia. Baba alikuwa karani kwenye ghala la pamba, na tangu tuhame, kila nikifika huko nafika na haraka zangu. Sasa nilikuwa nimepewa nusu siku ya bure. Nani angekaa kwenye benchi?

Nikaacha mzigo, nikachukua boda mpaka mjini. Nikatembea polepole kama mgeni wa serikali. Soko limepanuka, maduka ya simu yako kila mahali, na kwa yule fundi aliyekuwa akitushonea sare za shule sasa pana benki. Lakini mlima Asego uko pale pale, na upepo wa ziwa ulikuwa na harufu ya omena wanaoanikwa, ile ambayo wageni huizibia pua na mimi huivuta mpaka ndani. Nikashuka kuelekea ziwani, upande wa nyumba za mabati tulikokuwa tumepanga.

Nikasikia naitwa. "Obambo."

Obambo ni samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani mpaka akawa mkavu. Utotoni nilikuwa mwembamba sana, ndiyo mama akanipa jina hilo. Walionita hivyo walikuwa wawili tu, mamangu na jirani yetu Mama Pamela. Nikageuka, nikamwona Mama Pamela amesimama mlangoni pake, leso kiunoni.

Utaniuliza, hukushtuka? Sikushtuka. Machozi yalinitoka kwa furaha. Huyu ndiye aliyenilea mama alipolazwa hospitali kwa muda mrefu. Nilikula kwake, nililala kitanda kimoja na watoto wake, na kila Jumapili jioni alinisuka nywele akinigonga na kitana nikitikisika.

"Umekonda tena," akasema. Na mimi siku hizi ni mtu mnene. "Ingia, nyathina."

Nyathina, yaani mwanangu. Nikaingia. Viti ni vile vile, na vitambaa alivyofuma mwenyewe, na redio imefunikwa isiingie vumbi. Alikuwa anakaanga ngege. Nikakumbuka ilikuwa Jumamosi, na Mama Pamela alikuwa Msabato wa kweli, jua la Ijumaa likizama hakuna kupika kwake mpaka jua la kesho lizame.

"Mama, si leo ni Sabato?"

"Huku siku zote ni sawa," akasema, akageuza samaki.

Nikadhani ni maneno ya uzee. Na hata hakuwa amezeeka. Hilo nililiona, nikaliacha lipite.

Nikala. Sijawahi kula samaki namna ile tangu nitoke utotoni, na mchuzi wake niliufuata na ugali mpaka sahani ikang'aa. Yeye akala kidogo tu, akinitazama. Akaniambia mama anasema niache kujichosha na duka. Mamangu, ambaye alikuwa kaburini miaka na miaka. Na mimi nikaitikia, nikasema nitajaribu.

Kisha usingizi ukanishika. "Lala kidogo," akasema. "Ndege itakungoja." Je, nilikuwa nimemwambia habari za ndege? Sikuwa nimemwambia. Lakini nikavua viatu, nikajinyoosha kwenye kile kitanda, na macho yakaanza kujifumba.

Simu ikalia.

"Usishike," akasema Mama Pamela, kwa upole tu. Mkono wangu ulikuwa umeshaishika. Alikuwa Achieng'.

"Mama, mmefika?"

"Bado. Niko Homa Bay, kwa Mama Pamela. Amenipikia."

"Mama Pamela yupi?"

"Si yule jirani aliyenilea."

"Mama," akasema polepole, "huyo tulimzika. Nilikuwa darasa la nne. Ulilia mpaka baba akakushikilia usianguke. Mama, uko wapi?"

Nikayatafuta hayo mazishi kichwani. Ni kama kupapasa rafu unayojua uliweka kitu, ukakuta mbao tupu. Nikamtazama Mama Pamela. Alikuwa ameinama, anatoa miiba kwenye kipande cha samaki kilichobaki, kama alivyonitolea nilipokuwa mdogo.

"Nilitaka tu ukae kidogo," akasema. Hakuinua macho.

Nikavaa viatu. Unajua nilisema nini? "Asante kwa chakula, Mama." Ndivyo alivyotufundisha. Nikatoka, nikapanda mpaka barabarani bila kugeuka. Mwenye boda aliyenibeba akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye ile ploti, maana nyumba za pale zilibomolewa kitambo. Mkono wangu ulikuwa bado na mafuta ya samaki.

Ndege niliiwahi, na mume wangu alikuja kunipokea Migori. Nikamwuliza. Akaniambia ndiye aliyetuendesha mpaka Sindo, kijijini kwao Mama Pamela, siku ya mazishi, kwamba mvua ilinyesha, na kwamba mimi ndiye niliyesimama kusoma wasifu wa marehemu. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za watu wengine.

Mpaka leo mazishi hayo hayajanirudia kichwani. Achieng' alinipeleka kwa daktari, akasema sina tatizo. Harusi yangu naikumbuka, matanga ya mama nayakumbuka, hata nguo niliyovaa. Ni hayo ya Mama Pamela tu yameondolewa. Kwangu mimi hajafa. Nikikaanga ngege huwa nashika simu nimpigie, kisha nakumbuka nilivyoambiwa, na kila mara ni kama ndiyo naambiwa sasa. Watu hufiwa mara moja. Mimi nafiwa kila wiki. Na zipo jioni, nisikufiche, ambazo najuta kwamba niliishika ile simu.

Basi wewe, ukipata saa za bure katika mji uliokulia, usizipoteze, zunguka, pita kwenu. Lakini usiende peke yako. Nenda na mtu anayekumbuka nani amekufa.